Mlango wa Uchochoroni

Mama aligoma mlangoni. Mkono mmoja kashika mkongojo, mwengine kashika ukingo wa buibui, akautazama mlango mkubwa wa ile sinema ya zamani ya Wete.

"Huu wa wanaume," akasema. "Mie sipiti."

Haroub, aliyelinunua jengo ili aligeuze ghala, alinitazama kuomba msaada. Mafundi wake walishaanza kuezua mabati, na roshani ingebomolewa mchana ule ule. Wiki nzima mama alikuwa ameniganda: akae juu mara moja tu, basi. Sasa tumefika, ananifanyia vitimbi. Nilikasirika, sisemi uongo.

Lakini nilimjua. Wanaume walikuwa na uso wa jengo, wenye mbwembwe zote: nguzo mbili zisizobeba kitu, na jua la saruji lililochomoza juu ya dirisha la tiketi. Wanawake walikuwa na mlango mwembamba wa uchochoroni na ngazi iliyopanda moja kwa moja hadi roshani. Mama na shoga yake, Bi Zulekha, walipita huko miaka yao yote. Aliyetangulia alimwekea mwenzake nafasi kwa kutandaza kanga, na ole wake atakayeikalia. Mimi nilipakatwa, nikanusa udi na njugu za kukaanga, nikasinzia kabla picha haijafika popote.

Sinema ilipokufa, mlango ule ukazibwa kwa matofali. Na Bi Zulekha tumemzika Ramadhani iliyopita. Mama hakulia, aliuliza tu kama ile sinema bado ipo.

"Bi Mwatima, pita hapa hapa," Haroub alisema kwa upole. "Hakuna atayekuona."

"Mie n'najiona."

Haroub akacheka, akatikisa kichwa, kisha akamwita fundi wake, Jaribu. "Acha mabati. Kazibue mlango wa uchochoroni. Si tunabomoa? Tuanzie huko."

Tulingoja kivulini huku nyundo ikigonga. Matofali yalipoisha, ngazi ikaonekana, imejaa vumbi, katikati imelika kwa nyayo. Mama akanishika bega tukapanda polepole, na kila kituo alichopumzikia nilimwona anatabasamu peke yake.

Juu, viti vilishang'olewa, vimebaki vidato vya saruji. Mbele yetu palikuwa na ukuta mtupu, na jua liliingia palipoezuliwa. Mama alikwenda safu ya pili bila kusitasita, akakaa. Akaivua kanga ya begani, akaitandaza ubavuni pake, akainyoosha mikunjo kwa kiganja.

Miguu ilikuwa inaniuma. Nikainama nikae.

"Hapo pana mtu, Nadhira," akasema.

Nikahamia safu ya nyuma, nikakaa, tukautazama ukuta.