Golikipa Si Kifaa

Hebu niambieni, golikipa na koni ni kitu kimoja? Nauliza kwa sababu nimeona kwa macho yangu, imeandikwa kwa kalamu ya bluu, tena kwa mwandiko mzuri.

Mimi ni Maulida, msaidizi wa kocha wa timu ya wasichana hapa Mzenga. Kocha mwenyewe ni Silvanus. Simsingizii, anajituma. Alirudi kutoka kozi ya ukocha na daftari, na tangu hapo hatuingii uwanjani bila mpango. Dakika kumi za kupasha misuli, ishirini za pasi, thelathini za kupiga golini. Mshambuliaji anaelekezwa mguu wa kuegemea auweke wapi. Beki anaelekezwa asimame vipi. Raudha, golikipa wetu, anaambiwa maneno mawili tu: "Kaa golini!"

Basi wasichana kumi na wanane wanampigia mashuti nusu saa nzima, na mtoto wa watu anaangukia kiwiko. Kushoto ndiyo kabisa haruki, anaogopa. Nani alimfundisha kuanguka? Na Jumamosi ya wiki ile kungekuwa na mchujo wa timu ya mkoa kule Kibaha, nafasi ya golikipa moja. Raudha alikuwa anaitaka nafasi ile mpaka chakula hakipiti.

Jumatatu nikamwomba Silvanus dakika ishirini za kipa. Akanipa daftari. "Dada Maulida, ona mwenyewe, muda umejaa."

Nikaangalia. Chini ya neno VIFAA kaandika: mipira sita, koni kumi na mbili, vizibao tisa, golikipa mmoja.

Nilisoma mara mbili. Jamani, damu ilinichemka!

"Silvanus, huyu mtu umemweka kwenye vifaa?"

Akacheka. "Nimeandika kila kinachohitajika kwenye zoezi. Mbona unakuza mambo?"

Nakuza mambo! Mimi nimedaka miaka tisa, na kidole changu hiki hakikunjiki mpaka leo, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniambia mkono unakaaje. Nikamwita Raudha, nikachukua mpira mmoja, tukaenda zetu nyuma ya goli kwenye majani.

"Sasa hawa watampigia nani?" Silvanus akapiga kelele.

"Wapigie koni, si unazo kumi na mbili!"

Tulikuwa na siku tano tu. Nilimwanzisha akiwa amepiga magoti, halafu amechuchumaa, halafu amesimama. Paja litangulie kugusa chini, kisha nyonga, kisha bega, kiwiko kikae mbele ya mwili. Jumanne alilia. Nikamwambia lia, lakini anguka. Alhamisi akaruka kushoto bila kuambiwa, akainuka anajifuta majani anacheka peke yake.

Kibaha walikuja makipa watatu. Aliyewapima ni mwalimu mmoja mwanamama, Atupele, na nasema haki, alijua kazi yake. Aliwapa mipira ya chini, ya juu, ya kukutana na mshambuliaji ana kwa ana. Raudha alidaka vizuri kuliko siku zote nilizomjua. Lakini mpira ukimjia ghafla, mwili ulirudia mazoea yake ya zamani, kiwiko kwanza, na mara mbili mpira ukamtoka mikononi. Nafasi akapewa binti wa Soga. Alistahili, siwezi kusema uongo.

Raudha akaenda kukaa pembeni, kajifunika uso kwa glovu.

Mwalimu Atupele akatufuata mimi na Silvanus. "Huyu binti ana kipaji," akasema. "Amefundishwa muda gani?"

"Siku tano," nikajibu.

"Siku tano? Yupo kwenye timu tangu lini?"

"Mwaka wa tatu huu."

Akatutazama, mmoja baada ya mwingine. "Sasa miaka yote hiyo mlikuwa mnamfanya nini?"

Silvanus akainama kama anafunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala. Ikabidi nijibu mimi.

"Tulikuwa tunampigia mashuti, mwalimu."