Saini Sitini na Tatu za Gidamar

Watu wa Karatu wakikuambia dalali ni mwongo, usibishane nao. Mimi ni dalali mwaka wa kumi na moja sasa na nimechoka kuwabishia. Ndiyo maana tulipoanzisha umoja wetu wa madalali wa ardhi, mimi Lightness nilijitwika ukatibu kabla hata kura hazijapigwa. Tulitaka kitu kimoja tu: halmashauri itunge sheria ndogo ya kumzuia mtu asiyesajiliwa asiuze ardhi. Vishoka walikuwa wametuchafua. Kiwanja kimoja wanauziwa watu watatu, shamba la mjane linauzwa mwenyewe akiwa msibani, halafu tunatukanwa sote.

Kuwashawishi madiwani si kazi ya kitoto. Miaka miwili niliwafuata ofisini, kanisani, hadi kwenye harusi za watoto wao. Diwani mmoja nilimsubiri nje kwa kinyozi, akatoka na povu shingoni, nikamweleza hoja yetu huku akijifuta. Mwenyekiti wetu, Nelson, alikuwa mtu wa suti na chai za hotelini pamoja na wakubwa. Mimi nilikuwa mtu wa vumbi. Kwa hiyo kamati ya madiwani iliposema inataka kuona kama wanavijiji wanatuunga mkono, aliyepanda bodaboda kwenda kijiji cha Gidamar, huko kata ya Endabash, ni mimi.

Gidamar wananijua. Mzee Simel nilimtafutia shamba huko, ekari sita, alipohama na familia yake kutoka Nainokanoka. Ekari sita hazitoshi ng'ombe arobaini, na hilo alilijua. Alichokinunua hasa ni ujirani na malisho ya kijiji, yale ya bondeni yenye lambo, ambayo ni ya wote na hayauzwi. Nilimwambia kwa mdomo wangu huu, "Mzee, hapa mifugo yako haina wa kuifukuza." Akaniamini, akahamia.

Siku ile ya saini alinisalimu kwa Kimaasai, "Takwenya", nikaitikia "Iko" kwa lafudhi yangu ya Kiiraqw, mkewe Nasieku akacheka mpaka akashika ubavu. Simel akawa wa kwanza kutia saini. Walitia watu sitini na watatu. Kalamu yangu ya bluu iliisha wino kwenye mstari wa kumi na tisa, nikaazima ya kijani kwa mwalimu.

Hapa lazima niseme jambo la kazi yetu, na ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa wengine. Dalali mzoefu haandiki chochote juu ya orodha ya saini. Mikutano huahirishwa, tarehe hubadilika, mnunuzi naye hubadilika, na kuwarudia watu kijiji kizima kwa ajili ya mstari mmoja ni kujitesa. Unachukua saini, juu unaacha wazi, maelezo yataandikwa mjini. Nilifundishwa hivyo na nimewafundisha wengine hivyo, tena kwa majivuno. Nikampelekea Nelson kurasa tatu, juu hazina neno.

Siku ya kikao nilikwenda na Simel. Nilitaka madiwani wamwone kwa macho mtu aliyehudumiwa na dalali mwaminifu. Alivaa shuka jipya na koti juu yake, akaketi nyuma yangu, fimbo katikati ya magoti. Hoja yetu ilikuwa ajenda ya nne. Nelson aliongea vizuri. Mimi niliongea vizuri zaidi, wacha nijisifu kidogo, maana sitapata nafasi nyingine. Madiwani walitikisa vichwa kukubali, na mwenyekiti wa kamati akasema kura zote zitapigwa mwisho wa kikao. Nilifurahi hadi machozi yakanilenga.

Nikalifunua kabrasha la kikao kwa furaha tu, kama mtu anavyochungulia zawadi za wenzake. Ajenda ya sita ilikuwa ombi la kubadilisha matumizi ya malisho ya Gidamar, ekari mia na ishirini pamoja na lambo, yawe eneo la kambi ya watalii. Kiambatisho: muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji ulioridhia kwa kauli moja. Nilishangaa. Mkutano gani huo? Ardhi ya Gidamar ijadiliwe mimi nisisikie?

Nikafunua orodha ya waliohudhuria, nakala ya rangi. Wa kwanza, Simel. Mstari wa kumi na tisa, bluu inafifia. Mstari wa ishirini, kijani.

Nilirudi ajenda ya nne, nikatazama viambatisho vyetu, nikarudi ya sita. Kurasa zilezile tatu, mwandiko uleule, ila juu yake kila mahali pameandikwa jambo lake. Nilizisoma mara tatu kwa sababu akili ilikataa. Nyuma yangu nilimsikia Simel akikohoa taratibu, hana habari kwamba saini yake imekwisha kuyagawa malisho ya ng'ombe wake.

"Nelson," nilinong'ona. "Hii nini?"

Hakushtuka hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha. Alilifunika kabrasha langu kwa kiganja. "Tulia. Wenye kambi ndio waliotusemea kwa wakubwa. Ulidhani chai zile zilikuwa za bure? Sheria yetu ipite kwanza."

"Hawa watu hawakuridhia chochote."

"Lightness, umeniletea karatasi tupu zenye saini. Ulidhani naziandika nini, zaburi?"

Kikulacho ki nguoni mwako, nimelisema neno hilo kwa wateja mara ngapi sijui, na siku ile nilikuwa nimekaa nacho bega kwa bega. Nikipiga kelele, miaka miwili yangu inazama na jina langu linatangulia kuchafuka. Nikinyamaza, mzee huyu anarudi nyumbani jioni hana pa kunyweshea. Mwenyekiti wa kamati alikuwa tayari anaisoma ajenda ya sita, na diwani mmoja ameshaanza kuunga mkono.

Nikasimama. Nikakishika kiti cha mbele.

"Mheshimiwa mwenyekiti, saini hizi nilikusanya mimi. Mkutano huo haujawahi kufanyika."

"Una uhakika gani, dada?"

"Linganisheni na kiambatisho cha ajenda ya nne, mstari wa kumi na tisa. Walipotia saini, juu hapakuwa na maandishi. Niliacha wazi mwenyewe."

Kurasa zikawa zinafunuliwa meza nzima. Nelson alinitazama kama mtu anayetazama gari lake likiungua. Ajenda ya sita ikaondolewa. Ya nne nayo ikaondolewa, na karatasi zote zikatiwa kwenye bahasha ya kupelekwa polisi, jina langu likiwa la kwanza juu yake. Malisho yalipona. Nilikaa chini, machozi yakitoka, sikuyaficha.

Simel aliinama mpaka mdomo wake ukafika sikioni kwangu. Nilidhani atanishukuru. Na kweli alishukuru, kwa utaratibu wa wazee, akaniita dada, akasema ng'ombe watakunywa. Kisha akauliza:

"Dada, shamba langu lile. Majirani walitia saini za ushahidi siku uliponipimia. Nilitoa ng'ombe ishirini na wawili kwa karatasi ile. Juu palikuwa pameandikwa?"

Msimu ule nilikuwa na orodha nyingi, za vijiji vinne, na zote nilizipitisha kwa Nelson.

"Sikumbuki, mzee," nikasema.