Kipande cha Kutoka Barabara Kuu

Nyumba yetu haina saa ya wageni. Mimi ni fundi cherehani, nashona kibarazani, na anayepita lazima asimame anipe habari, nami nimpe za kwangu. Kwa hiyo siku mdogo wetu wa mwisho alipomleta mchumba wake kumtambulisha, watu walijaa hadi jikoni. Hata kinyozi wa kona alikuwepo. Hakualikwa, lakini yeye huwa haalikwi popote na hakosi.

Mchumba mwenyewe ni mhasibu, tena wa ofisi ileile anayofanyia kazi kaka yangu. Huyo kaka mtaa mzima unamwita Fundi Baridi, kwa kuwa kazi yake ni kuzunguka zahanati akitengeneza majokofu ya chanjo. Anatumia pikipiki yake mwenyewe, na ofisi inamlipa kwa kilomita.

Mama alikuwa amelala chumba cha mbele, mlango wazi ili asipitwe na neno. Tangu avunjike nyonga, daktari alisisitiza kila adhuhuri anyanyuliwe akae kwenye kiti, la sivyo kifua kitajaa. Na Mama amejaliwa mwili. Mimi mgongo wangu umeliwa na cherehani, siwezi. Aliyekuwa akimnyanyua ni Fundi Baridi.

"Huyu mwanangu," Mama akajisifu kutoka kitandani, "jua likifika utosini tu, naisikia pikipiki."

"Kila siku, mama?" mhasibu akauliza.

"Kila siku ya Mungu! Hata akiwa zahanati za kule lami inakoishia, anakata kona anakuja."

"Na mkaa wangu ananibebea humohumo njiani," Shangazi akadakia.

Kaka akakohoa. Nikarusha teke chini ya meza nimnyamazishe Shangazi, likampata kinyozi.

"Dada, huo mguu wangu," akasema.

Mhasibu akainamia sahani yake. Aliaga vizuri, akaondoka.

Kesho yake kaka alikuja jioni, uso umekunjamana kama kitambaa kisichopigwa pasi.

"Shemeji ameniita ofisini. Anasema kipande cha kutoka barabara kuu hadi hapa nyumbani si cha ofisi, ni changu. Hilo ningelimeza. Lakini kuna kanuni mpya: ukichepuka bila ruhusa, safari ya siku nzima hailipwi. Na ukigongwa kwenye kichochoro hiki, bima haikujui."

"Si uombe ruhusa?"

"Nimeomba. Mkuu kasema wengine nao wana mama."

Basi adhuhuri zikaanza kupita Mama akiwa kitandani. Kinyozi alijitolea kumnyanyua, akafukuzwa. "Mwanamume asiyetoka tumboni mwangu hanishiki kiuno!" Mdogo wetu alijaribu, lakini kile kijiti cha mtu kilimwangukia Mama kitandani wakabaki hapo wawili. Tulicheka, ingawa Mama aliumia.

Wiki haikuisha akaanza kukohoa, kikohozi kizito cha kukaba. Daktari akaja, akasikiliza kifua, akatuuliza kwa ukali nani aliyeruhusu mgonjwa alale mchana kutwa.

Mama alikuwa na jibu lake. Alishampa mhasibu jina: Bibi Kilomita. "Mwanamke wa hivyo," alimwambia mdogo wetu, "atapima hata mchuzi wako. Harusi hiyo sina haraka nayo."

Jumamosi Bibi Kilomita akaja mwenyewe. Sikusimamisha cherehani.

"Shikamoo, wifi."

Nikaitikia marahaba ya nusu mdomo. Akapita moja kwa moja hadi kwa Mama. Kaka alikuwepo, ndiyo kwanza amemkalisha kitini. Mimi nikafuata. Niache vipi?

"Mama," akasema, "kanuni sikuitunga mimi. Ila nikimfumbia macho shemeji, wenzake watasema ofisi nimeigeuza ya ukoo."

"Kwa hiyo nife kwa ajili ya kanuni?"

"Usife, mama. Muulize mwanao kwa nini hachukui zahanati za mjini. Moja iko hapa nyuma ya soko. Saa ya chakula ni ya mtu mwenyewe, angekuja kwa miguu na hakuna angemuuliza. Fundi mwenye zahanati hizo kila siku anaomba wabadilishane."

Kaka akageuka akawa anaangalia ukuta.

"Shemeji, unanichinja mchana kweupe."

"Nimekuchinja wapi? Niambie nilipodanganya."

Akakwaruza rangi ya ukuta kwa ukucha. Nasi tukaelewa. Mjini hakuna kilomita. Za huko mbali ndizo zilizokuwa zinamwezekea nyumba anayojenga, bati moja moja.

"Ulituambia umepangiwa huko," Mama akasema.

"Nilipangiwa, mama. Mwanzoni. Halafu nikapazoea."

Nilidhani Mama atapasuka. Badala yake alikohoa, akapumzika, akasema polepole:

"Sikukatazi. Najua nyumba haijaisha na una watoto. Ila nikiwa kitandani mchana, usiniambie tena ni ofisi."

Kaka akatoka nje. Alisimama kando ya pikipiki akifuta kiti ambacho hakikuwa na vumbi. Kinyozi akamwita, hakugeuka.

Jumatatu alibadilishana. Yule mwenzake aliishika barabara ya mbali kwa furaha ya mtoto aliyepewa baiskeli. Sasa adhuhuri kaka anaingia kwa miguu, begi la vifaa begani, jasho linamtiririka. Anamnyanyua Mama, wanagombana kidogo kuhusu mto wa kiti, anakula, anarudi kazini. Kikohozi kimelainika, na Mama mwenyewe ndiye anayeuliza harusi imefikia wapi.

Lakini mabati ya kaka yameishia sebuleni. Vyumbani ni mbao na anga, na mvua zimeanza. Mke wake kila akisogeza ndoo anamtaja mhasibu kwa maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya wateja. Hawasalimiani hadi leo. Siku ya harusi itabidi niwakalishe meza mbalimbali, na katikati nimweke kinyozi.