Lami ya Mheshimiwa Mathew

Jumamosi moja ya Desemba 1997, Chepkemboi alikuwa akichuma chai, kikapu mgongoni, aliposikia kipaza sauti kikivuma kutoka upande wa Roret. Aliacha kuchuma. Majani yangengoja, lakini mkutano wa kampeni haumngoji mtu.

Huku ng'ambo ya mto kila mtu alijua mambo yanavyokwenda. Mgombea akitaja barabara, barabara inakuwepo, nyeusi, laini, na mitaro yake kando. Akinyamaza, inarudi tope. Kampeni za mwaka 1992 dereva wa lori la soda alikawia kwa kupenda nyama ya mbuzi, lami ikamwishia, na kuku bado hutagia kwenye lori hilo.

Shida ya Chepkemboi ilikuwa mashine ya posho, ya dizeli, ya kusagia mahindi. Kikundi chake cha akina mama kiliinunua, ikafika Roret, ikakwama kwenye stoo ya Peterson, mfanyabiashara aliyehamia huko kutoka Nyeri. Hakuna gari lililoweza kuvuka bonde. Wanawake waliendelea kupanda mlima na magunia migongoni wakasagiwe kwa mashine za watu, yao ikishika kutu. Jambo hilo lilimchoma Chepkemboi. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na matumbo yenyewe yalikuwa ya watoto.

Mheshimiwa Mathew, ambaye bado hakuwa mheshimiwa wa chochote, aliingia akihutubia kupitia dirisha la gari, lami ikimtangulia. Chepkemboi alikaa mbele kabisa na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, cha kumkaribisha mgeni. Hakumpa. Mtu anayekunywa maziwa haongei.

Mgombea aliisifu barabara yake vizuri. Kutoka uwanjani watu waliiona pikapu ya Peterson ikianza kuteremka na mashine. Ndipo mzee Hezekiah, ambaye hakuambiwa mpango wa kumshikilia mgeni kwenye habari za barabara tu, akainua mkono.

"Na stima, Mheshimiwa?"

"Stima nitaleta mpaka jikoni."

Balbu ziliwaka katika kila jiko, mchana kweupe, na pikapu ikazama topeni hadi kwenye ekseli. Watu walipiga makofi kwa adabu. Chepkemboi alisimama.

"Stima ni nzuri, Mheshimiwa. Lakini hiyo barabara hatujaelewa vizuri. Hapo kwa mto itapita wapi?"

"Hapo, mama, nitajenga daraja."

"La mbao ama la simiti?"

"La simiti."

Pikapu iliinuka juu ya lami. Daraja lilikuwa tayari likiisubiri, na Peterson akabadilisha gia. Akina mama waliuliza habari za kila kona: upana wake, mitaro yake, miti itakayopandwa kando. Mathew hakuwahi kupata wapiga kura wenye kiu ya sera namna hiyo. Alijibu mpaka machozi yakamlengalenga, na kwa kweli alikuwa na furaha.

Mashine iliposhushwa karibu na kanisa, Chepkemboi aliizunguka akiipangusa kutu. Sasa akampa mgeni mursik. Mathew alimaliza kibuyu bila kupumua, kisha akalitazama gari lake, lililokuwa limekaa kwenye tope hadi milangoni.

"Hapa unatoka ukiongea," Hezekiah alimweleza kwa upole.

Basi aliondoka kichwa kikiwa nje ya dirisha, sauti imemkauka, akiiahidi michai ya pande zote mbili lami. Peterson alimfuata nyuma karibu sana, maana hakutaka kufuga kuku.

Kabla ya giza mashine ilinguruma, na Chepkemboi akakinga mikono yake kupokea unga wa kwanza, wenye joto. Siku ya kura walimpa Mathew kura zao zote. Alikuwa amezifanyia kazi, wakasema, na hawakuwa wakimtania.

Bungeni alikaa miaka yake yote bila kufungua kinywa. Kila jioni Chepkemboi alifungulia redio kipindi cha Bunge, asikie kama leo mtu wao ametaja barabara, hata kwa bahati mbaya. Walisema wa Magharibi, walisema wa Pwani. Kisha alichungulia nje, akaona tope, akazima redio ili asimalize betri.