Umri wa Tanuri

Binti yangu Maren aliponiambia kwamba amepata nyumba ya kununua, nilikwenda moja kwa moja kuifua ovaroli yangu. Nimewakagulia wanunuzi nyumba za mji wa Duluth kwa miaka ishirini na sita, nikitambaa darini na kushuka vyumba vya chini, na sikudhani kwamba palikuwa na haja ya kuulizana nani angeikagua hii.

"Nimeshapata mtu, Baba," alisema, huku akijikatia kipande cha pili cha keki ya tufaha. "Renata Kivela anakuja Jumamosi."

"Renata? Mimi ndiye niliyemfundisha kusimamisha ngazi!"

"Basi ulimfundisha vizuri. Watu wanamsubiri wiki tatu."

"Na mimi sisubiriwi?"

"Wewe ni baba yangu. Ukiisifu nyumba nitasema unanifurahisha tu, ukiiponda nitasema hutaki nihame. Acha wivu, Verlyn Aakre. Kula keki."

Alicheka. Nami nilicheka, lakini keki niliisukuma kando.

Renata alikuja kwangu miaka kumi na mmoja iliyopita, mikono yake ikiwa bado na makovu ya kazi ya kuezeka mapaa. Alijifunza yote niliyomfundisha isipokuwa sentensi moja: "Kinafanya kazi wakati wa ukaguzi." Sentensi hiyo si uongo. Tangi la maji moto la miaka ishirini, lililoliwa na kutu kwenye kitako, linafanya kazi kweli katika dakika ile ninapolitazama. Madalali wanaipenda kwa sababu haimtishi mnunuzi, na madalali ndio wanaowapa wanunuzi majina ya wakaguzi. Renata alivumilia msimu mmoja wa baridi, kisha akaondoka na kuanza kuandika kwa namna yake: kifaa hiki kina miaka kadhaa, vya aina yake huishi miaka kadhaa, kimebakiza miaka kadhaa. Madalali walimbandika jina la Muuaji wa Mauzo. Kwa miaka miwili hakuwa na kazi ya maana. Kisha wanunuzi wakaanza kuambiana. Mwaka jana Duane, dalali yuleyule aliyelibuni jina lile, alipojinunulia nyumba yake mwenyewe, alimwita Renata. Hilo liliniuma kuliko yote.

Jumamosi jioni Maren alinitumia ripoti, "uione tu." Sikuisoma kama baba. Niliisoma kama mke mwenza anavyoonja mchuzi wa mwenzake, nikitafuta chumvi iliyozidi. Kurasa arobaini, na kila ukurasa ulikuwa safi. Kwenye ukurasa wa ishirini na tisa palikuwa na tanuri la gesi linalopasha nyumba joto: miaka kumi na miwili, hali nzuri, tarajia miaka minane zaidi. Chini yake palikuwa na picha. Kwenye kona ya mlango wa tanuri bati lilikuwa limebonyea, kana kwamba mtu alilipiga teke kwa kisigino.

Niliufahamu mbonyeo ule. Niliusoma upya mtaa na namba ya nyumba, kisha nikaenda kwenye kabati la mafaili. Miaka kumi na mitano iliyopita niliikagua nyumba hiyo kwa niaba ya mtu ambaye leo ndiye anayeiuza. Picha yangu ilikuwepo: tanuri lilelile, bati lilelile lililobonyea, namba ileile ya kiwandani. Tanuri la miaka kumi na miwili haliwezi kupigwa picha miaka kumi na mitano iliyopita. Kiwanda kile huandika mwaka kwa herufi ndani ya namba hiyo, na herufi zake huanza upya kila baada ya miaka ishirini. Renata alikuwa amehesabu mzunguko wa baadaye. Tanuri lilikuwa na miaka thelathini na miwili.

Nilicheka peke yangu mbele ya kabati, kicheko ambacho sasa sikioni kizuri. Kisha macho yakateremka kwenye maandishi yangu mwenyewe. Hali: linafanya kazi wakati wa ukaguzi. Umri: patupu, hapana hata alama. Wakati huo lilikuwa na miaka kumi na saba, na nilijua, kwa maana namba nilikuwa nimeinakili. Lakini dalali alikuwa amesimama kwenye ngazi akitazama saa yake.

Hadi Jumatatu saa kumi na moja jioni Maren angeweza kumdai muuzaji tanuri jipya, au kujitoa. Baada ya hapo kila kitu kingekuwa chake, pamoja na baridi kali ya Januari ya Duluth. Nami sikuweza kulionyesha kosa la Renata bila kuionyesha karatasi yangu. Jumapili nzima nililigeuza jambo hilo kichwani. Nakiri kwamba kilichonizuia kunyamaza hakikuwa upendo peke yake. Nilitaka kumwona Renata akianguka, hata kama ingenibidi kuanguka naye.

Jumatatu saa tisa Renata alirudi kwenye nyumba ile kuchukua kifaa cha kupimia gesi ya sumu itokayo ardhini, ambacho huachwa siku mbili kwenye chumba cha chini. Nilimkuta huko pamoja na Maren, karibu na tanuri.

"Mwalimu!" alisema. "Umekuja kunisahihishia daftari?"

"Ndiyo," nilijibu, nikampa karatasi.

Aliisoma. Akainama, akaisoma tena namba kwenye tanuri. Nilisubiri visingizio: herufi zinachanganya, bati limesafishwa likang'aa. Majibu yake nilikuwa nimeshayaandaa.

"Maren, nimekosea," alisema. "Hili ni zee, lina miaka thelathini na miwili. Niliamini herufi, sikulitazama tanuri lenyewe. Usisaini kitu. Nakuandikia sasa hivi."

Aliketi kwenye ngazi, akaandika kwa simu, na nakala akampelekea dalali. Sentensi ya kwanza ilikuwa na maneno "kosa langu." Hazikupita dakika nne. Kwa miaka ishirini na sita mimi sijawahi kutuma barua kama hiyo, na si kwa sababu sijawahi kukosea. Sentensi yangu haikuwa na mahali pa kukosea.

"Asante, Mwalimu," alisema. "Ningemlaza mtoto wa watu kwenye barafu."

Maren alikuwa ameishika karatasi yangu. "Baba, hapa kwenye umri mbona patupu?"

Renata aligeuka na kuanza kukunja waya wa kifaa chake, taratibu, kama mtu asiyesikia.

Ningeweza kusema kwamba fomu za zamani zilikuwa tofauti. "Nilijua umri wake," nilisema. "Sikuuandika kwa sababu dalali asingependa."

"Na huyu mzee aliyeinunua?"

"Hakuuliza. Nami sikumwambia."

Aliikunja karatasi mara mbili, akaitia mfukoni mwake. "Asante kwa kuileta," alisema, kwa adabu ile tunayowapa wageni. Kisha akamgeukia Renata. "Utaweza kukagua upya lini?"

"Sasa hivi, na hunilipi. Tuanze na hili."

Renata alifungua mlango wa tanuri, na Maren akapiga magoti kando yake. Aliuliza maswali ambayo hajawahi kuniuliza mimi kuhusu kazi yangu, na Renata akayajibu moja moja bila haraka. Nilisimama nyuma yao nikisikiliza. Kila jibu nililijua. Niliona wivu hata alipoulizwa swali moja, akafikiri kidogo, akasema, "Hilo sijui," na binti yangu akaitikia kwa kichwa, ameridhika.