Jembe la Utepe Mwekundu

Kuna kitu kimebeba beleshi, sururu, shoka, mtaimbo na jeki, na bado kimekwama kwenye matope. Msijisumbue, jibu nawapa: ni lori la jeshi, na lilikuwa limekaa katikati ya njia yetu ya Ijumbi siku ya harusi ya mjukuu wangu Joanitha.

Sisi, bibi harusi na akina mama wa kwaya, tulikuwa tumebanana kwenye gari dogo nyuma yake. Kulia migomba, kushoto migomba, pa kupita hapana. Saa tano ilikuwa imeshapita, na mchungaji alishatuambia wazi: saa sita kamili anaondoka kwenda Kemondo kufungisha ndoa nyingine. Tukichelewa, Joanitha anarudi nyumbani na shela lake mpaka mwezi ujao.

Nikashuka. Koplo mmoja alikuwa anachimbua tope kwa mikono.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Jina lako?"

"Mashimba."

"Mashimba, mbona unachimba kama kuku, na beleshi linaning'inia hapo ubavuni?"

Akatazama chini. Wenzake wawili wakaanza kukohoakohoa.

"Vifaa vimefungwa, Bibi. Mnyororo na kufuli."

"Na ufunguo?"

"Anao sajenti. Ametangulia na gari dogo."

"Vunja!"

"Nikivunja, Bibi, leo leo nitakuwa raia."

Maawe! Nilicheka mpaka nikashika bampa. Joanitha hakucheka, alikuwa anasoma ujumbe wa bwana harusi kwenye simu. "Bibi, Alexander anasema mchungaji ameanza kutazama saa."

Hapo nikakumbuka zawadi yangu. Jembe jipya, mpini nimeulainisha mwenyewe kwa kipande cha chupa, nikalifunga utepe mwekundu. Nilitaka kumkabidhi bibi harusi mbele ya watu, likiwa linang'aa.

"Litachafuka," nikamwambia Joanitha.

"Bibi, litoe!"

Mashimba alinipokonya, akalilima lile tope huku utepe unapepea. Akina mama wakavua viatu, wakaburuta migomba iliyokwisha kukatwa mikungu, tukailaza mbele ya matairi. Tukasukuma na pambio juu. Tope likaruka likamwingia mwimbaji wetu wa sauti ya kwanza mdomoni, na bado hakuacha kuimba. Lori likatoka!

Gari letu likafuata, likaingia kwenye shimo lile lile mpaka tumboni.

"Bibi harusi apande huku!" Mashimba akapiga kelele. Basi tukapandishwa wote, shela mbele, wanawake sita nyuma, tukirushwarushwa na kuchekeana meno yenye matope mpaka kanisani. Saa sita kasoro dakika tatu.

Sajenti alikuwa pale njia panda mbele ya kanisa, akilisubiri lori lake. Aliona shela likishuka, akaenda moja kwa moja kukagua ubavu.

"Beleshi, safi. Sururu, safi. Shoka, safi kabisa! Mashimba, hivi ndivyo vifaa vinavyotunzwa."

Mashimba alisimama wima, tope linamdondoka puani. Kisha sajenti akafika mwisho. Kwa mazoea yake ya kijeshi, kijana alikuwa amelifunga na jembe langu kwenye mnyororo, kwa utepe wake.

"Na hiki? Hakimo kwenye orodha yangu."

Kijana akafungua mdomo ajieleze. Nikawahi.

"Kitendawili!"

"Tega!" sajenti akajibu kwa sauti ya gwaride, kabla hajajua amejibu.

"Wenyeji wamefungwa minyororo, mgeni kawatolea gari."

Akatazama kufuli. Akatazama jembe. Mkono ukaingia mfukoni polepole, ukatoka na ufunguo, na masikio yake yakabadilika rangi.

"Nimeshindwa, Bibi."

"Nipe mji."

"Chukua Bukoba."

"Bukoba kubwa, sitamaliza kuilima. Nipe Mashimba, ale harusi bila kuulizwa neno."

"Chukua," akasema, na hapo akaangua kicheko.

Joanitha akafungua utepe, akaingia kanisani na jembe begani, udongo ukimwagikia shela. Mchungaji alikuwa ameshika mkoba wake mlangoni. Akatazama saa, akatazama jembe.

"Tulifute kwanza, au tufunge ndoa kwanza?"

"Ndoa!" tukajibu wote, na sauti ya sajenti ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote.