Nanga ya Nne

Saa tatu asubuhi fundi alizipanga nanga nne juu ya gati na kuziandika namba kwa chaki. Alikuwa mchomeleaji, mwanamke wa miaka arobaini, na mtaa mzima ulimwita Cheche. Kwenye mpini wa winchi alisimama kaka yake, nahodha aliyenyang'anywa leseni miaka mitatu nyuma. Chombo chake kilikuwa kimetia nanga, upepo ukakiburura hadi kwenye mwamba, kikazama. Ofisi ya bandari iliandika kwamba nahodha alisinzia. Nanga ilikuwa ya ofisi, yenye mhuri wa ofisi, na hakuna aliyeihoji.

Mkaguzi wa ofisi alifika na fomu mkononi.

"Tuanze na ya kwetu," alisema.

Nanga ya kwanza ilitoswa mbali, kaka akazungusha winchi. Mizani iliyofungwa kwenye kamba ilifika kilo tisini, kisha nanga ikateleza kama sabuni. Ya pili, yenye mabapa mawili, ilifika mia na arobaini. Ya tatu, yenye umbo la jembe, iliangukia ubavu na kulala hapohapo. Ya nne ndiyo Cheche aliyoichomelea, akaivunja na kuichomelea upya mara kumi na tisa: jembe lenye ncha nzito, na pete mgongoni ya kuigeuza ikae sawa.

"Polepole, kaka. Iache izame kwanza."

"Mdogo wangu, nilianza kutia nanga hujajua hata kufunga viatu."

"Ndiyo maana nakwambia polepole."

Mizani ilipanda hadi mia nne. Kaka aliendelea kuzungusha na kamba ikawa inaingia, lakini nanga haikuwa imesogea. Iliyokuwa inakuja ni sakafu ya ghuba, pamoja na tope, mawe na kaa wake, taratibu, kama mkeka unaovutwa.

Mkaguzi aliipima kamba iliyoingia kwa tepu ya kupimia. "Mita kumi na moja. Kwenye safu ya kuteleza niandike sifuri?"

"Andika sifuri," alisema Cheche. Kifua kilimjaa hata ikabidi afungue kifungo cha juu cha ovaroli.

Sakafu ilikuja na chombo cha kaka. Kilisimama hatua chache kutoka gatini, na mnyororo ungali umefungwa. Mwisho wa mnyororo ilikuwapo nanga ya ofisi, mkono wake umekunjika kama kijiko cha bati, mhuri ukisomeka vizuri.

"Umeona, bwana mkaguzi?"

"Nimeona, fundi. Ila hii ni fomu ya majaribio. Ya ajali ilishajazwa."

Kaka alifunga winchi, akajifuta jasho. "Mia nne," alisema. "Miaka thelathini majini, sijawahi kuona kitu kikishika hivi."

Wiki hiyohiyo ramani ya ghuba ilichorwa upya, na nanga ya nne ikapitishwa kwa vyombo vyote. Barua ya kuomba leseni irudishwe ilijibiwa kwa mstari mmoja: uamuzi ni uleule.

Chombo cha kwanza kubeba nanga mpya kilipotoka, kaka alipanda kama abiria. Upepo uliwakuta mchana. Nahodha mwenye leseni aligeuka nyuma.

"Tutie hapa, kaka?"

"Hapa. Ipe kamba ndefu."

Upepo ulivuma hadi saa kumi jioni, vyombo vya jirani vikaburutwa kila upande. Chao hakikusogea, na kaka alipita kwa abiria mmoja mmoja akiwaeleza ni nani aliyeichomelea.